Mikono Badala ya Miguu: Ugwe wa Mgongo na Mbio za Baiskeli

Ndani ya uti wa mgongo wa binadamu umo ugwe wa neva ambao unene wake haushindi ule wa kidole kidogo, na ambao urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimeta 45. Kwa njia ya ugwe huo ubongo hupeleka amri kwa misuli, na ngozi na viungo navyo hupeleka habari kwa ubongo. Ugwe hutoa jozi 31 za neva: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu. Pingili za mifupa huulinda. Lakini pingili zikivunjika au zikiteguka kwa nguvu, ugwe huweza kubanwa au kukatika.

Neva za mkono zikikatika huweza kuota tena polepole. Nyuzi za neva zilizomo katika ugwe wa mgongo hazina uwezo huo kwa kiasi cha kutosha. Ndiyo sababu madhara yake mara nyingi ni ya kudumu. Jambo la kuzingatiwa ni mahali palipoumia. Ugwe ukiumia shingoni, mikono na miguu yote huathirika. Ukiumia kifuani au kiunoni, mikono hubaki na nguvu zake, lakini miguu hupooza.

Mfano wa Heinz Frei

Mfano mzuri ni wa mwanamichezo wa Uswisi, Heinz Frei, aliyezaliwa mwaka 1958. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 20, alianguka katika mbio za milimani, ugwe wake ukaumia, na miguu yake ikapooza. Alianza kushindana katika mbio za viti vya magurudumu, akashiriki Michezo ya Walemavu ya Dunia ya mwaka 1984. Mwaka 1999, huko Oita, Japani, alimaliza marathoni ya viti vya magurudumu kwa saa 1, dakika 20 na sekunde 14. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2021, ilipovunjwa na Mswisi mwenziwe, Marcel Hug.

Mbio za baiskeli za mikono ziliingizwa katika Michezo ya Walemavu mwaka 2004, mjini Athens. Frei aliingia katika mchezo huo akiwa tayari mtu wa makamo. Alipata medali za dhahabu Beijing mwaka 2008, akapata nyingine London mwaka 2012. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alipata medali ya fedha katika mbio za barabarani akiwa na umri wa miaka 63. Ilikuwa imepita miaka 43 tangu siku aliyoumia.

Chombo na kanuni zake

Baiskeli ya mikono ina magurudumu matatu. Mwendeshaji hulala chali, miguu ikiwa imenyoshwa mbele, na huzungusha vishikio vilivyo mbele ya kifua. Mnyororo hupeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele, ambalo ndilo pia la kuelekezea.

Katika baiskeli ya kawaida pedali moja ikiwa juu nyingine huwa chini. Katika baiskeli ya mikono vishikio vyote viwili huzunguka pamoja. Lau vingepishana, kila msukumo ungelivuta gurudumu la mbele kushoto na kulia, na mtu asiyeweza kukaza misuli ya kiwiliwili angeyumba. Kulala nako kuna faida: upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukizidi maradufu, upinzani huwa mara nne. Kwa hiyo anayetaka kwenda kasi hana budi kupunguza eneo linalokabili upepo.

Misuli ya mikono ni midogo kuliko ya miguu. Mtu asiye na mazoezi maalumu, akifanya kazi kwa mikono peke yake, hutumia takriban asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo angeitumia kwa miguu. Mazoezi ya miaka mingi hupunguza tofauti hiyo.

Moyo na joto

Kupooza si jambo la misuli tu. Neva zinazouhimiza moyo kwenda mbio hutoka sehemu ya juu ya kifua. Mtu aliyeumia juu ya hapo huenda moyo wake usizidi mapigo 130 kwa dakika hata ajitahidi vipi. Aidha, ngozi iliyo chini ya jeraha haitoi jasho ipasavyo, hivyo joto la mwili hupanda upesi wakati wa jua kali. Kwa sababu hizo washindani hugawanywa katika madaraja matano, H1 hadi H5, ili wenye uwezo unaokaribiana washindane wao kwa wao. Daraja la H1 ni la wale walioathirika zaidi.

Faida ya michezo hii ilitambuliwa mapema na daktari Ludwig Guttmann katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Tarehe 29 Julai 1948 aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale kwa wagonjwa 16. Mazoezi huimarisha moyo na mapafu, na humwezesha mgonjwa kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini.

Funzo kwa shule na vijiji

Katika nchi zetu watu huumia uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka minazini na miembeni, au katika ajali za pikipiki. Mara nyingi majirani wenye huruma humnyanyua majeruhi kwa kumshika mikono na miguu, au humketisha ili apewe maji. Kitendo hicho chaweza kuukata ugwe ambao ulikuwa umebanwa tu. Ikiwa hakuna moto wala hatari nyingine iliyo karibu, majeruhi aachwe alale, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, mpaka mhudumu wa afya afike. Ikilazimu kumhamisha, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja bila kumkunja, wamlaze juu ya ubao mgumu. Wanafunzi wanaweza kujizoeza jambo hili darasani kwa muda wa kipindi kimoja.