Mcheza Kwao: Mchango wa Binyavanga Wainaina katika Fasihi ya Kenya

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii yatokana na ngoma. Mchezaji achezapo mbele ya watu wake, hao humtunza kwa fedha au kwa vigelegele, kwa kuwa wanamjua ni mwana wa nani, na furaha aletayo ni yao. Lakini methali haikueleza litendeke lipi iwapo watu wa kwao, baada ya kuifurahia ngoma, wataambiwa jambo kuhusu mchezaji ambalo hawakutaka kulisikia.

Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kupitia maisha na kazi ya Binyavanga Wainaina (1971–2019), mwandishi Mkenya aliyeanzisha jarida ambamo waandishi wengi walipata kusikika, na ambaye mwaka 2014 alitangaza hadharani kwamba yeye ni shoga. Hoja kuu ni kwamba yale aliyowapa watu wake na ile kweli aliyowaambia hayakuwa mambo mawili mbalimbali.

2. Neno lenyewe

Yafaa kwanza kulitazama neno. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, shoga ni neno la upendo: mwanamke humwita hivyo mwanamke mwenziwe aliye rafiki yake wa dhati. Maana ya pili ni mwanamume avutiwaye na wanaume. Maana hizi mbili huishi pamoja bila kugongana, maadamu msikilizaji huzipambanua kwa kuangalia nani asema, na amwambia nani. Huku bara maana ya kwanza haijulikani sana, na neno limebaki na ile ya pili, tena mara nyingi kwa sauti ya kutukana. Neno hanithi nalo lina maana pia ya upungufu wa nguvu za kiume. Mengine yaliyomo vinywani mwa watu ni matusi matupu.

Maneno haya yote, hata yale ya upole, humtaja mtu kwa jambo lake la faragha. Hayasemi iwapo huyo atajwaye ni mwalimu, muuguzi, seremala au mjomba alipaye karo ya wapwa zake. Atajwaye kwa neno hilo tu hugeuka kuwa tendo, na utu wake mwingine wote husahaulika. Kwa hiyo aulizapo mtu kwamba watu hawa wana faida gani kwa jamii, sehemu ya ugumu wa jibu imo katika lugha yenyewe: imewapa jina lisilo na nafasi ya kazi zao.

3. Safari na kurudi

Binyavanga alizaliwa Nakuru mwaka 1971, baba akiwa Mkenya na mama akiwa mzaliwa wa Uganda. Katika kitabu cha maisha yake, One Day I Will Write About This Place (2011), amesimulia jinsi utotoni alivyojibunia neno, kimay, la kuzitaja zile sauti za lugha na muziki zilizomzunguka asizoweza kuzishika. Kwa mwanafunzi wa lugha, habari hiyo ni ya maana. Mtoto wa mji wenye makabila mengi aligundua mapema kwamba kuna mambo ambayo lugha aliyofundishwa shuleni haikuwa na jina lake.

Mwaka 1991 alikwenda Afrika ya Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei. Masomo hayakumwendea vizuri. Baadaye aliishi Cape Town, akipika na kuandika kuhusu vyakula.

Nchi hiyo nayo ilikuwa katika mageuzi makubwa. Simon Nkoli (1957–1998), shoga aliyekuwa pia mpiganaji dhidi ya ubaguzi wa rangi, alikwisha kushtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi iliyoitwa ya Delmas, akawaeleza wenzake hao gerezani hali yake. Baada ya kuachiliwa, alikuwa miongoni mwa waliotayarisha maandamano ya Johannesburg ya Oktoba 1990, yaliyodai haki za mashoga na wasagaji. Katiba ya 1996 ilitaja waziwazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Nkoli alikuwa ameonyesha kwamba mtu aweza kupigania uhuru wa wote bila kuficha nafsi yake.

Binyavanga alirejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2002 alipata Tuzo ya Caine kwa maandishi yake yaitwayo "Discovering Home", yanayosimulia safari ya kurudi nyumbani. Angaliweza kuitumia sifa hiyo kujitafutia makao ughaibuni. Badala yake, alicheza kwao.

4. Jarida la Kwani?

Mwaka 2003, pamoja na wenzake jijini Nairobi, alitoa toleo la kwanza la jarida la Kwani? Jina hilo ni swali la kila siku mitaani, lenye ukaidi na udadisi kwa pamoja: kwani kuna nini? Kabla ya hapo, mwandishi chipukizi nchini alikuwa na milango michache. Wachapishaji walitegemea mno vitabu vya shule, na kisichoweza kutahiniwa kilipata taabu kuchapishwa. Jarida jipya halikuuliza iwapo maandishi yangefaa mtihani.

Matokeo yalionekana mapema. Hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor, "Weight of Whispers", iliyotokea katika Kwani?, ilipata Tuzo ya Caine mwaka huohuo wa 2003. Mhusika wake mkuu ni mkimbizi wa Rwanda aliye Nairobi, mtu asiyesikilizwa na wenyeji wake. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jarida lilikusanya habari za waliotendewa na walioshuhudia. Hata baada ya Binyavanga kuacha uhariri, shirika lililochapisha jarida hilo liliendelea na kazi. Shindano lake la miswada lilishindwa mwaka 2013 na Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, na riwaya yake, Kintu, ikachapishwa Nairobi mwaka 2014.

Kwa upande wa lugha, Kwani? lilizusha mabishano. Liliipa Sheng nafasi ukurasani, likachanganya insha, mashairi, vibonzo na barua za kompyuta. Baadhi ya wahadhiri wa fasihi waliona kwamba huko ni kuharibu lugha na kudharau ufundi. Lawama hiyo haikukosa msingi, kwani si kila kilichochapishwa kilikuwa kimepikwa kikaiva. Hata hivyo mabishano yenyewe yalikuwa faida. Kwa mara nyingine swali la nani aandike, na kwa lugha ipi, lilitoka katika vyumba vya mihadhara likasikika mikahawani.

Nje ya nchi, insha yake "How to Write About Africa", iliyotoka katika jarida la Granta mwaka 2005, ilisomwa kwa wingi. Humo alijifanya kuwashauri wageni namna ya kuliandikia bara hili, akazirundika dhana zao zote za njaa, wanyama na machweo ya jua hadi zikawa kichekesho. Mbinu ni ileile ya kejeli iliyozoeleka katika mashairi ya Kiswahili: kumsifu mtu hadi aone aibu.

5. Sura iliyokosekana

Januari 2014, Binyavanga alichapisha maandishi mafupi aliyoyaita sura iliyopotea ya kitabu chake cha 2011. Humo alibuni mazungumzo na mama yake kitandani mwa mauti mwaka 2000, akimwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba yeye ni shoga, na kwamba amejijua hivyo tangu umri wa miaka 5. Nchini Nigeria sheria kali dhidi ya mashoga ilikuwa imetiwa sahihi mwezi huohuo, na ya Uganda ikafuata Februari.

Tamko hili lilipokewa kwa njia mbalimbali. Wako waliompongeza, wako waliomlaani, na wako waliosema kwamba maandishi yake ni mema lakini jambo hilo angelinyamazia. Kauli hii ya tatu ndiyo istahiliyo kupimwa, kwa kuwa yaonekana kuwa ya busara. Yataka zawadi ipokewe na mtoaji aachwe mlangoni.

Kasoro yake ni hii. Kazi yote ya Binyavanga ilikuwa kuwafungulia mlango waliozoea kunyamazishwa: mkimbizi, kijana wa mtaani, mwandishi asiyekuwa na cheo. Mtu aliyeishi tangu utotoni na jambo lisilosemeka aliujua uzito wa kunyamaza kuliko wengi. Haiwezi kudaiwa kwamba ushoga ndio uliompa kipawa. Lakini ni vigumu kukisoma kimay, lile neno la mtoto atafutaye jina la yasiyo na jina, bila kuisikia pia sura iliyokosekana. Na msomaji aliyefurahia ukweli wa mwandishi katika mambo mengine hana haki ya kumdai uongo katika hili moja. Desemba 2016 aliongeza neno jingine gumu, alipotangaza kwamba alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi.

6. Hitimisho

Binyavanga Wainaina alifariki dunia Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Siku 3 baadaye, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo hutumika dhidi ya watu kama yeye. Wiki hiyohiyo, basi, magazeti yalimwomboleza mwandishi na kuieleza hukumu hiyo.

Isidhaniwe kwamba mtu kama huyu hustahili heshima kwa sababu tu ya tuzo na vitabu. Haki ya mtu haipimwi kwa kipawa chake, na walio wengi miongoni mwa mashoga, kama walivyo wengi miongoni mwa watu wote, huchangia kimya kimya: hufundisha, huuguza, hulima, huzika wazee wao. Kisa cha Binyavanga chafaa kwa sababu kilikuwa cha wazi. Kilichofanyika mbele ya macho ya taifa katika maisha yake hufanyika kila siku katika nyumba nyingi, ambamo mkono wa mtu hupokewa na jina lake halitajwi.

Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Haikusema hutunzwa yule afananaye na watazamaji. Binyavanga alicheza kwao, na ngoma yake ingali ikisikika katika maandishi ya waliomfuata. Utunzo wake, kwa sehemu kubwa, ungali deni.