THELUTHI ILIYOUZWA: MAISHA YA MSTAAFU WA LUZIRA

Ndugu mfanyakazi, ukishuka barabara ya Port Bell kutoka Nakawa, ukapita Bugolobi na Kitintale, unafika Luzira. Hapa kuna gereza kubwa, kiwanda cha bia, reli, na gati ambapo meli za ziwani hufunga. Asubuhi wafanyakazi wa zamu ya kwanza wanaingia viwandani na askari magereza wanabadilishana lindo. Kando ya barabara hiyo hiyo utawaona wazee waliomaliza zamu yao ya mwisho zamani. Wamekaa kwenye mabenchi, wanazungumza Kiswahili walichojifunza kazini, katika magereza, katika polisi na katika reli.

Mmoja wao alikuwa askari magereza kwa miaka 30. Sasa ana miaka 68. Kwa ombi lake hatutaji jina. Anaishi na mkewe katika vyumba viwili vya kupanga, na mkewe anauza mukene sokoni Kitintale. Tulimuuliza swali moja tu: "Mzee, pensheni inatosha?"

Alicheka. "Mwanangu, mimi sipokei pensheni yangu. Napokea iliyobaki. Ile nyingine niliiuza siku niliyovua sare, wala sikujua kwamba nauza."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii, maana wastaafu wengi hawaelewi wanachotiliana saini siku ya mwisho ya kazi.

HESABU ILIVYO

Kwa Sheria ya Pensheni ya Uganda, mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini, awe askari magereza, mwalimu au muuguzi, hakatwi kitu katika mshahara kwa ajili ya pensheni. Pensheni inatoka katika hazina ya serikali. Namna ya kuihesabu ni hii: chukua mshahara wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyotumika, kisha gawanya kwa 500. Hata ukitumika miaka mingi namna gani, pensheni haiwezi kuzidi asilimia 87 ya mshahara.

Tuchukue mfano. Mtu anastaafu akiwa na mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Ametumika miaka 30, ambayo ni miezi 360. Pensheni yake kamili ni shilingi 5,184,000 kwa mwaka, yaani 432,000 kwa mwezi. Si haba. Lakini fedha hizo hazipati.

Theluthi moja ya pensheni hiyo inaondolewa na kuzidishwa mara 15, halafu analipwa kwa mkupuo. Hicho ndicho kiinua mgongo. Katika mfano wetu ni shilingi 25,920,000. Theluthi mbili zinazobaki huitwa pensheni pungufu, na ndizo atakazolipwa kila mwezi kwa miaka 15: shilingi 288,000. Jana alikuwa na 600,000, leo hana hata nusu yake. Miaka 15 ikitimia, naye akiwa bado hai, anarudishiwa pensheni kamili. Aliyestaafu na miaka 60 atasubiri mpaka 75.

KIINUA MGONGO SI ZAWADI

Wengi wanadhani kiinua mgongo ni asante ya serikali. Hapana. Theluthi iliyoondolewa katika mfano wetu ni shilingi 144,000 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 180 ya miaka 15, utapata 25,920,000 zile zile. Ni pensheni yako mwenyewe, umetanguliziwa.

Tuseme kweli: kwa hesabu hiyo mfanyakazi hakudhulumiwa. Ametanguliziwa fedha za miaka 15 bila riba, na kwa kuwa thamani ya shilingi hushuka, anayeziweka mahali pazuri anafaidika. Ubaya unakuja pale fedha zinapofika siku ile ile nyumba inapoondoka. Askari magereza anakaa kota. Akistaafu, kota ni ya mwenzake anayeingia. Hapo anatakiwa kupata paa, kusafirisha mizigo, kulipa madeni aliyokopa akisubiri malipo, na kumaliza karo ya mtoto wa mwisho, yote kutoka katika mkupuo mmoja.

Mzee wetu alitueleza fedha zake zilivyokwenda. Madeni yalichukua sehemu ya kwanza. Karo ikachukua ya pili. Alimnunulia kijana wake pikipiki ya boda boda, ikaibwa kabla ya mwaka kwisha. Kiwanja alichonunua kijijini kipo mpaka leo, lakini matofali hayajapanda kupita madirisha. "Katika miaka miwili," alisema, "theluthi ya miaka 15 ilikuwa imekwisha."

Amebakiwa na miaka saba afikie pensheni kamili. Hapo kuna jambo jingine ambalo mkewe ndiye aliyelitaja. Mstaafu akifa kabla ya miaka 15, warithi wanaendelea kulipwa mpaka miaka hiyo itimie, basi. Akifa mwaka wa 14, mjane anapata mwaka mmoja. Akifa mwaka wa 16, hapati kitu. "Namwombea afike 75," alisema mama yule, "lakini akifika, mimi ndiye ninayebaki bila kinga."

WENZETU WA RELI

Hapa Port Bell wapo pia waliokula chumvi nyingi zaidi, waliofanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza, iliyoanza mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mali yake ilibishaniwa kwa miaka saba, mpaka mkataba wa usuluhishi ulipotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Katika mkataba huo kila nchi iliahidi kuwalipa raia wake pensheni na haki nyingine walizozitumikia.

Ahadi iliandikwa siku moja, malipo yakachukua miaka. Tanzania nako, wazee wa Jumuiya walikuwa bado wanadai barabarani Dar es Salaam katika miaka ya 2000. Na fedha haikai ikikungoja. Mwezi wa Mei 1987 Uganda ilibadili sarafu: sifuri mbili zikafutwa, na asilimia 30 ikakatwa kama kodi ya kubadilisha. Aliyepeleka shilingi 10,000 za zamani alirudi na 70 mpya. Haki iliyocheleweshwa ilipofika, ilikuwa imekonda.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 254, inasema mambo ambayo kila mfanyakazi ayashike. Pensheni ilingane na cheo, mshahara na muda wa utumishi. Isitozwe kodi. Ipitiwe mara kwa mara kulingana na mabadiliko ya thamani ya fedha. Na ilipwe kwa wakati, bila kukatika, mahali ambapo mstaafu anafika kwa urahisi.

Maneno mazuri. Lakini mwaka 2012 nchi nzima ilisikia kwamba katika orodha za pensheni mlikuwa na majina ya watu hewa waliokuwa wakilipwa, huku wazee wenye damu na nyama wakizungushwa maofisini. Baadaye malipo yalihamishwa kutoka wizara moja yakapelekwa katika wizara na wilaya ambako mtu alitumika. Tangu hapo wazee wameitwa zaidi ya mara moja kuthibitisha kuwa wako hai. Mzee wetu halalamikii jambo hilo. "Afadhali niitwe kuonyesha uso," alisema, "kuliko mzimu ale chakula changu."

NA WEWE WA KIWANDANI NA SHAMBANI?

Usiseme mambo haya ni ya askari na waalimu. Wewe unayefunga makasha kiwandani au kuchuma chai shambani huna pensheni ya kila mwezi kabisa. Ulicho nacho ni NSSF, mfuko uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1985: wewe unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10, na ukifika miaka 55 unalipwa zote kwa mkupuo. Mzee wa Luzira aliuza theluthi. Wewe utapokea yote mara moja, na baada ya hapo hakuna mwezi unaokuja na kitu.

Tangu marekebisho ya mwaka 2022 kila mwajiri lazima achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 kabla ya wakati. Ni msaada, lakini kumbuka maneno ya mzee: ukila leo, ni ya kesho unayokula.

Wenzetu wa Tanzania walifunzwa jambo jingine. Mwaka 2018 kanuni mpya ilishusha mkupuo wa mstaafu hadi asilimia 25. Wafanyakazi walipiga kelele, na kabla mwaka haujaisha Rais Magufuli akaisimamisha. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 watumishi wa umma waliokuwa wakipata nusu wakapandishiwa hadi 40. Somo ni kwamba kikokotoo hakikushuka kutoka mbinguni. Kimeandikwa na watu, na watu wakisimama pamoja kinaweza kuandikwa upya.

LA KUFANYA

Kwanza, tunza karatasi: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, na za kupandishwa cheo. Mwezi mmoja usio na ushahidi ni mwezi usiohesabiwa.

Pili, mwenye NSSF aulizie taarifa ya akiba yake kila mwaka. Mwajiri akikata bila kupeleka, lete habari kwa mwakilishi wa Chama mapema, si siku ya kustaafu.

Tatu, weka vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto mahali mkeo au mumeo anapajua.

Nne, tafuta paa ukiwa bado na mshahara. Kota si nyumba yako.

Tano, Chama kidai kwamba kila anayestaafu asomewe hesabu yake kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini, na kwamba mjane asiachwe mikono mitupu kwa kosa la mumewe kuishi muda mrefu.

Tulipoagana, mzee alitusindikiza mpaka njiani. Zamu ya kiwanda ilikuwa inatoka, vijana wakicheka, maana ilikuwa siku ya mshahara. Aliwatazama mpaka wakapita. "Waambie," alisema, "wahesabu mapema. Mimi nilihesabu wafungwa kila asubuhi kwa miaka 30, sikuhesabu miaka yangu."