Sonona na Heshima ya Mtu kwa Nafsi Yake

Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika siha na katika maradhi, na mtungaji wake alikuwa tabibu J. C. Carothers, ambaye kuanzia 1938 hata 1950 aliisimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi. Miongoni mwa mengi aliyoyadai ni kwamba sonona, yaani ile huzuni nzito inayomkalia mtu wiki baada ya wiki na kumnyang'anya usingizi, hamu na nguvu, ni adimu mno kwa Mwafrika, kwa kuwa Mwafrika, kwa rai yake, hajilaumu: lawama zake zote huzielekeza kwa jirani, kwa mchawi na kwa mizimu, asibakishe hata chembe ya kuitwika nafsi yake. Kauli hiyo ilisomwa na kurudiwa kwa miaka mingi, nayo ilileta madhara, maana mgonjwa ambaye kitabu kimesema hayupo hapimwi, hatengewi kitanda, wala haandikiwi dawa.

Ithibati ya kinyume ilipatikana karibu. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya katika vijiji viwili vya Uganda, wakawalinganisha wanawake wa huko na wanawake wa Camberwell, mtaa wa London, wakakuta kuwa sonona imeenea zaidi vijijini kuliko London. Tena watafiti walioongozwa na Paul Bolton, walipofika wilaya za Masaka na Rakai, nchini humo humo Uganda, na kuwauliza wanakijiji wenyewe ni dhiki gani za moyo zilizozidi tangu janga la Ukimwi lilipoingia, walitajiwa maradhi mawili, la kwanza mtu kujichukia na la pili mtu kujihurumia pasipo kikomo, na dalili zake zilipopangwa zikafanana sana na zile za sonona ya vitabuni. Basi mkulima wa Rakai, ambaye hakuingia chuo chochote cha utabibu, alikwisha kuona kwamba ndani ya maradhi haya mna hukumu, na kwamba hakimu na mshitakiwa ni mtu mmoja.

Hukumu hiyo imo pia katika hojaji ya maswali 9 iitwayo PHQ-9, ambayo magharibi mwa nchi yetu, Kenya, ilijaribiwa kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, chini ya mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yakaonyesha kuwa inafaa. Hojaji humwuliza mtu habari za wiki 2 zilizopita, kuhusu usingizi, chakula, uchovu, utulivu wa fikira. Na swali la 6 humwuliza kama amejiona mbaya, au ameshindwa, au ameiangusha nafsi yake na aila yake. Wengi hujibu mengine haraka, kwa kuwa si aibu kukosa usingizi, lakini hilo la 6 lina uzito wake.

Wataalamu hutenga mambo mawili yaliyo karibu sana. La kwanza ni kujithamini, yaani thamani ambayo mtu huiona ndani yake kwa kuwa yeye ni yeye. Na Morris Rosenberg, aliyewachunguza vijana wa jimbo la New York, alilitungia mizani ya kauli 10 katika mwaka 1965, inayotumika hata leo. La pili ni imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kulitenda jambo fulani likatendeka, na hili Albert Bandura alilieleza katika mwaka 1977. Mtu aweza kuwa na moja akakosa jingine: mama wa Kiminini, katika kaunti ya Trans Nzoia, ajuaye kwa yakini kwamba akipanda atavuna, na bado moyoni mwake akajiona duni mbele ya mashemeji zake, hana upungufu wa uwezo bali wa thamani. Sonona huyapiga yote mawili, ila huyapiga kwa njia tofauti, na ndiyo sababu tiba yake hutaka busara.

Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi hayo yanavyoporomoka pamoja uko Webuye, katika kaunti ya Bungoma, ambako kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilikuwa roho ya mji tangu miaka ya 1970 hata kilipofungwa mwaka 2009. Mchukue mtu aliyekuwa fundi wa mitambo humo, mwenye umri wa miaka 45, mwenye kulipa karo za watoto wake na za ndugu yake. Mwezi wa kwanza huamka alfajiri ileile, kana kwamba zamu yaanza. Mwezi wa tatu humtuma mtoto dukani badala ya kwenda mwenyewe, kwa maana daftari la deni lina jina lake. Mwezi wa sita haonekani barazani, na akialikwa harambee hudai ana homa. Mshahara ulikatika siku moja. Lakini fundi aliyekuwa akiitwa usiku mtambo ukikwama, aliyekuwa na ushahidi wa kila siku kwamba mikono yake inafaa, amepoteza ushahidi huo, na hapo ndipo msiba ulipo.

Jambo hili si la Webuye peke yake. Kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal, nchini Austria, kilipofungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji hicho, na katika kitabu chao cha mwaka 1933 walieleza mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Wanaume waliokuwa sasa na wakati tele waliazima vitabu vichache zaidi maktabani kuliko zamani walipokuwa kazini. Walitembea polepole kuliko wake zao, wakisimama mara kwa mara njiani pasipo sababu. Wakiulizwa wameshindaje, hawakuweza kuikumbuka siku. Wanawake, ambao kupika na kufua hakukufungwa pamoja na kiwanda, walikwenda kwa mwendo wa haraka zaidi, ingawa njaa ilikuwa ni ileile nyumbani.

Je, ni lipi hutangulia, mtu kujidharau kisha akaugua, au kuugua kisha akajidharau? Wanazuoni walibishana muda mrefu, kundi moja likisema kujidharau ni ufa ambao sonona hupenya, na la pili likisema ni kovu ambalo sonona huliacha nyuma yake. Mwaka 2013 Julia Sowislo na Ulrich Orth walikusanya tafiti 77 zilizowafuata watu kwa muda, wakakuta njia zote mbili ni za kweli, ila ile ya kwanza ina nguvu karibu maradufu ya hii ya pili. Nguvu yenyewe si kubwa, na haifai mtu akisoma haya adhani kwamba kila mwenye kujidharau ataugua. Urithi wa damu, misiba, njaa, uzazi, pombe, maradhi ya mwili, yote yana fungu lake. Lakini matokeo yale yatosha kutuzuia tusikutazame kujidharau kama tabia tu ya kukemewa.

Namna kujidharau kunavyofanya kazi ndani ya sonona ilielezwa na tabibu Aaron Beck wa Marekani, aliyeona kwamba wagonjwa wake walikuwa na fikira mbaya za namna tatu zilizoshikamana: juu ya nafsi, juu ya ulimwengu, na juu ya siku za usoni. Fikira hizo huchagua kumbukumbu. Fundi wetu akiulizwa habari za miaka yake 20 ya kazi atakumbuka kwa ufasaha siku aliyoharibu kifaa, na zile siku elfu alizotengeneza zitakuwa ukungu. Halafu, kwa kuwa anaamini atashindwa, hajaribu. Na kwa kuwa hajaribu, hapati jambo la kumkanusha. Na siku ikiisha bila tendo, hulihesabu hilo kuwa ushahidi mwingine dhidi yake. Duara hili halina mlango wa maneno, na ndipo ndugu na marafiki wengi wanapokosea, kwa nia njema kabisa.

Kosa la kwanza ni sifa tupu. Joanne Wood na wenzake wa chuo kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wenye kujidharau, wakiagizwa kurudia kimoyomoyo kuwa wao ni watu wa kupendeka, hujisikia vibaya zaidi kuliko wenye kujidharau wenzao wasioirudia kauli hiyo, kwa kuwa kila sifa huamsha ndani jibu la kuikanusha. Kosa la pili ni huruma inayonyang'anya. Katika nyumba nyingi, za Kitale kama za Bungoma, mzee akiugua kwa namna hii huambiwa, "Mzee, wewe pumzika tu, hayo tutayafanya sisi," akaondolewa ng'ombe, akaondolewa funguo za ghala, akaondolewa hata kukaa na wazee wa ukoo wanapoamua jambo. Na kila anachoondolewa, ingawa ni kwa mapenzi, humthibitishia kuwa hafai.

Bandura alisema imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika chemchemi nne, na iliyo kubwa kuliko zote ni kutenda jambo gumu likafaulu. Nyingine ni kumwona mtu wa hali yako akifaulu, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na namna unavyousoma mwili wako mwenyewe unapotetemeka au kuchoka. Wabukusu wa Bungoma walikwisha kulijua hilo kabla ya vyuo, kwa tohara yao. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, kijana anayetaka kutahiriwa huzunguka na njuga zake akiwaalika jamaa, kisha alfajiri, akiwa amepakwa tope la mtoni, husimama mbele ya umati akatahiriwa pasipo kupepesa jicho, na tangu asubuhi hiyo huhesabiwa katika rika lenye jina. Chemchemi zote nne zimo: tendo lenyewe, kaka waliomtangulia, nyimbo za wajomba na baba, na mwili uliofunzwa kutulia.

Hata hivyo siwezi kuusifu mpango huo bila kusema upande wake wa pili, ambao naona umetugharimu wanaume wengi. Heshima iliyopatikana mbele ya umati huogopa kupotea mbele ya umati. Na mtu aliyefundishwa kwamba ushujaa ni kutopepesa jicho atawezaje, akiwa na miaka 45, kumwambia muuguzi kuwa halali na kwamba analia peke yake shambani? Huja hospitali akilalamikia kichwa na mgongo, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani au kwenye chang'aa. Asemapo kwamba angekufa watu wake wangepumzika, kauli hiyo isichukuliwe kuwa ni ya kujidekeza; ni dalili ya hatari, na anayeisikia hana budi kukaa naye na kumfikisha hospitali siku hiyohiyo. Tena mgonjwa asihofu sheria kama zamani, kwa maana Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha katiba.

Ikiwa sifa tupu haziponyi, na kupumzishwa hakuponyi, kinachoponya ni nini? Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walizitenganisha sehemu za tiba ya Beck ili wajue ni ipi yenye nguvu, wakakuta kwamba wagonjwa waliosaidiwa kupanga na kutenda matendo yao ya kila siku tu, pasipo kujadiliana na fikira zao, walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima. Kwa lugha ya Trans Nzoia, mgonjwa hapewi ekari 3 za mahindi azipalilie. Hupewa mistari miwili, asubuhi, jirani akiwepo, na kesho yake miwili tena hata kama moyo haujataka, maana moyo hufuata nyuma ya mkono. Kwa aliyezidiwa, dawa za hospitali huhitajika pia, na si udhaifu kuzimeza.

Umati nao una kazi. Katika Masaka na Rakai, Bolton na wenzake waliunda vikundi vya wanaume mbali na vya wanawake, vikaketi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki 2 tu. Kabla ya hapo asilimia 86 ya waliotibiwa walikuwa na sonona. Baadaye wakabaki asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyopata tiba idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hata 54.7. Huko Trans Nzoia, chama cha akina mama kilichoanzishwa na AMPATH kwa ajili ya uzazi salama huwakutanisha wajawazito wa mtaa mmoja, wakafundishana habari za mtoto na kuweka akiba pamoja. Na ingawa hakikuundwa kuwa tiba ya sonona, mwanamke anayetia fedha yake hadharani, ikahesabiwa na kuandikwa, amepata jambo ambalo hakuna maneno ya faraja yanayoweza kumpa.

Bungoma yenyewe ilitoa somo lililo kubwa zaidi, kwa watoto. Shannon Dorsey na Kathryn Whetten, wakishirikiana na shirika la Ace Africa, waliwachukua watoto 640 wa miaka 7 hata 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, katika mji na vijiji vya Bungoma na vilevile Moshi, Tanzania. Nusu yao walipata vikao 12 vya kikundi na vichache vya faragha, wakiongozwa na washauri wasio na shahada ya saikolojia, na walezi wakiwa na vikao vyao. Kilichopimwa hasa kilikuwa ni kiwewe na majonzi, lakini ndani ya kazi hiyo mlikuwa na ile hukumu ya nafsi: mtoto aaminiye kwamba lau angalichota maji upesi, au lau asingaligombana na mama, mama angalikuwa hai, hupelekwa hatua kwa hatua kukisimulia kifo chenyewe, mpaka aone kwa akili yake kwamba kosa halikuwa lake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa miezi 12 baada ya vikao kwisha, watoto wa Bungoma, wa mjini kama wa vijijini, walikuwa bado na nafuu kubwa kuliko wenzao wasiopata vikao hivyo. Baada ya jaribio hilo kazi ilikabidhiwa walimu wa shule na wahudumu wa afya ya jamii, kwa jina la Pamoja Tunaweza, hivi kwamba mtu anayemfundisha mtoto hesabu asubuhi ndiye anayeketi naye alasiri, darasani mlemle, kumsikiliza habari za mama yake.