Gari Linalochemsha Siku Moja na Kupoa Siku Nyingine: Jinsi ya Kutambua Chanzo

Wakazi wengi wa Kulesa na vijiji vingine vya Garsen hutegemea magari yaliyotumika kwa miaka mingi. Gari kama hilo likichemsha njiani, maembe huharibika kabla ya kufika sokoni, na mgonjwa anayekimbizwa Hola au Malindi hukwama.

Gumu zaidi ni gari linalochemsha leo na kesho likakaa sawa. Fundi akilikagua likiwa limepoa, haoni kasoro. Mwenye gari hununua rejeta, kisha pampu ya maji, na ugonjwa unabaki palepale. Kabla ya kununua chochote, wenye magari wanashauriwa kuandika gari linachemsha wakati gani: kwa mwendo upi, kwa mzigo gani, na maji yamepungua kiasi gani.

Likichemsha kwenye mwendo wa polepole. Gari likipanda joto kwenye matope au likisimama huku injini inanguruma, kisha likapoa likifika lami, mshukiwa wa kwanza ni feni. Kwenye lami upepo wa mwendo hupoza rejeta. Polepole, kazi hiyo ni ya feni peke yake. Kagua fyuzi, nyaya na swichi ya feni ya umeme. Kama feni huzungushwa na mkanda, hakikisha mkanda haujalegea.

Likichemsha kwa kasi au likiwa na mzigo. Hapa maji hayazunguki ya kutosha au rejeta imeziba. Nje, matope makavu, nyasi na wadudu huzuia hewa kupita. Safisha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Ndani, kutu na tope huziba njia za maji. Pia angalia mpira wa chini wa rejeta: ukibonyea fundi anapokanyaga mafuta, umechoka.

Sindano ikipanda na kushuka ghafla. Huenda themostati inakwama, au kuna hewa ndani ya mfumo. Kwa magari mengi themostati hufunguka kwenye nyuzijoto 80 hadi 90. Kuing'oa kabisa si tiba: injini huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi, na kasoro halisi hujificha.

Maji yakipungua bila kuvuja chini. Anza na kifuniko cha rejeta, kwa kuwa ni rahisi kubadilisha. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzijoto 100, lakini kifuniko kizima hushikilia shinikizo linaloyawezesha kufika karibu 120 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukikatika, maji hutoka kama mvuke. Lakini mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, moshi mweupe mwingi au mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa huashiria gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lisiendeshwe hadi fundi alipime.

Usijaze rejeta maji ya mto. Mto Tana hubeba tope jingi, hasa wakati wa mafuriko, na tope hilo hutuama ndani ya rejeta. Tumia kulanti inayofaa gari lako. Kwa dharura, maji safi ya mvua.

Sindano ikikaribia alama nyekundu, simama mahali salama, zima injini na usubiri angalau nusu saa. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto, kwani maji hufoka na kuunguza uso na mikono. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto. Chuma kinaweza kupasuka.

Mpe fundi maelezo uliyoandika. Baada ya matengenezo, lijaribu gari katika hali ileile iliyokuwa ikilichemsha, kabla ya kupakia abiria au mgonjwa.