Jinsi Volkswagen ilivyolazimika kuyanunua tena magari yake

KWA kawaida gari linapotoka dukani huanza kushuka thamani, na hasara hiyo huibeba mmiliki. Lakini kati ya mwaka 2016 na 2018, mamia ya maelfu ya Wamarekani waliyarudisha magari yao kwa kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani na kulipwa kwa bei ya wakati ambapo soko lilikuwa bado halijafahamu kasoro yake.

Chanzo cha yote ni taarifa iliyotolewa Septemba 18, 2015 na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA). Shirika hilo lilisema magari ya dizeli ya kampuni hiyo yalikuwa na programu ya kompyuta iliyotambua pale gari linapokuwa kwenye mashine ya kupimia moshi.

Kwa kufuatilia mambo kama mkao wa usukani, mwendo na muda ambao injini imewaka, programu hiyo iliuacha mfumo wa kusafisha moshi ufanye kazi kikamilifu wakati wa kupimwa tu. Barabarani, magari hayo yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Hewa hiyo hudhuru njia za kupumulia, hasa kwa wagonjwa wa pumu.

Volkswagen ilikiri kwamba programu hiyo ilikuwa katika magari yapatayo milioni 11 duniani kote. Nchini Marekani, magari 475,000 hivi yenye injini ya lita mbili, yakiwamo Jetta, Passat, Golf, Beetle na Audi A3 ya miaka ya 2009 hadi 2015, yaliingizwa katika makubaliano yaliyoidhinishwa Oktoba 25, 2016 na Jaji Charles Breyer wa Mahakama ya Shirikisho ya San Francisco. Kiasi cha hadi Dola 10.03 bilioni kilitengwa kwa ajili ya wamiliki.

Bei ilivyokokotolewa

Suala gumu lilikuwa bei. Habari za udanganyifu zilipotoka, thamani ya magari hayo sokoni iliporomoka. Kama kampuni ingelipa bei ya siku gari liliporudishwa, hasara ya udanganyifu ingemwangukia mnunuzi aliyedanganywa.

Kwa sababu hiyo, kipimo kilikuwa bei ya gari katika kitabu cha bei za magari yaliyotumika cha Septemba 2015. Juu yake iliongezwa fidia ya asilimia 20 ya thamani hiyo pamoja na Dola 2,986.73, kwa sharti kwamba fidia isipungue Dola 5,100.

Kwa mfano, mmiliki ambaye gari lake lilikuwa na thamani ya Dola 15,000 alistahili fidia ya Dola 5,986.73, hivyo jumla ya malipo yake ilikuwa Dola 20,986.73.

Kilomita alizotembea baada ya kashfa kufichuka hazikumpunguzia malipo iwapo hazikuzidi maili 12,500 kwa mwaka, sawa na kilomita 20,000 hivi. Aliyelinunua gari baada ya Septemba 18, 2015 alipata nusu ya fidia.

Mwenye mkopo alilipiwa deni kwanza, kisha akakabidhiwa salio. Pale deni lilipozidi malipo yote, kampuni ilitakiwa kuongeza fedha hadi kufikia asilimia 130 ya malipo hayo.

Masharti ya kurudisha

Mmiliki aliwasilisha maombi pamoja na hati zake, akapokea ofa ya kampuni, kisha akapanga siku ya kulipeleka gari kwa wakala, ambako alisaini na kukabidhi funguo. Aliyetaka kubaki na gari aliruhusiwa kusubiri lirekebishwe, na bado alilipwa fidia. Mwisho wa kuwasilisha maombi ulikuwa Septemba 1, 2018.

Sharti kubwa lilikuwa kwamba gari liweze kutembea kwa nguvu ya injini yake. Mikwaruzo na kubonyea havikupunguza bei. Baadhi ya wamiliki waliona mwanya hapo, wakaanza kung'oa vipuri kabla ya kurudisha magari. Desemba 2016, Jaji Breyer alieleza mahakamani kwamba kuyachuna magari hakukuwa lengo la makubaliano.

Magari yalirudi mengi kuliko nafasi za kuyaweka. Hadi mwishoni mwa mwaka 2017, kampuni ilikuwa imekwishanunua takriban magari 335,000, na karibu 294,000 kati yake yalikuwa yameegeshwa katika maeneo 37, likiwamo eneo la uwanja wa michezo uliokuwa umeachwa karibu na Detroit na uwanja wa ndege katika jangwa la California.

Aidha, makubaliano yalizuia gari lililorudishwa kuuzwa ndani ya Marekani au kusafirishwa nje kabla mfumo wake wa moshi haujarekebishwa kwa kibali. Kipengele hicho kina uzito kwa nchi zinazotegemea magari yaliyotumika, zikiwamo za Afrika Mashariki, kwani bila hicho gari lililokataliwa kwao lingeweza kuuzwa kwingine likiwa na kasoro ile ile.

Ujerumani hali tofauti

Nyumbani kwa Volkswagen, wanunuzi walisubiri zaidi. Ni Mei 25, 2020 ambapo Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba mnunuzi aliyedanganywa anaweza kurudisha gari na kudai fedha zake. Hata hivyo, alipaswa kukatwa gharama ya matumizi. Katika kesi hiyo, aliyenunua Volkswagen Sharan iliyotumika kwa Euro 31,490 mwaka 2014 alirudishiwa Euro 25,600 na ushei, pamoja na riba.

Nchini Marekani, ripoti ya mwisho ya Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) ya Julai 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya Dola 9.5 bilioni zililipwa kwa wateja, yakiwamo malipo kwa wenye magari ya injini ya lita tatu. Zaidi ya asilimia 86 ya waliokamilisha taratibu walichagua kurudisha magari badala ya kubaki nayo yarekebishwe.