Mpangilio wa Nyuzi za Kolajeni: Kinachotofautisha Kovu na Tishu Kamili

Mtoto aliyeungua kiganja kwa uji wa moto huweza kupona kidonda na bado akabaki na vidole vilivyokunjamana, visivyoweza kushika kalamu. Kidonda kimefunga na maambukizi hayapo, lakini mkono haufanyi kazi. Mzazi huuliza, tena kwa haki: ikiwa mwili umeweza kuziba pengo, kwa nini haukuliziba kwa ngozi kama ile ya mwanzo? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mwelekeo wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni.

Protini moja, mipangilio mingi

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Hukadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya protini zote. Molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotana, yenye urefu wa takriban nanomita 300. Molekuli hizo hujipanga sambamba zikawa nyuzi, nazo nyuzi hukusanyika katika mafungu.

Nyuzi zilezile za mkonge zikisokotwa huwa kamba, na zikifumwa huwa gunia. Ndivyo ilivyo kwa kolajeni. Katika kano, nyuzi hulala sambamba kufuata mstari wa mvuto wa msuli, hivyo kano hustahimili kuvutwa. Katika konea ya jicho, zimepangwa katika matabaka yapatayo 200. Ndani ya kila tabaka zinalala sambamba, lakini kila tabaka hukatiza mwelekeo wa jirani yake. Utaratibu huo ni miongoni mwa mambo yanayoifanya konea ipitishe mwanga. Katika ngozi, nyuzi zimepishana mithili ya kikapu kilichosukwa, ndiyo maana ngozi hunyumbuka pande zote.

Mwili unapoziba jeraha kubwa huweka mbele kasi kuliko mpangilio. Seli ziitwazo faibroblasti hutoa kolajeni kwa wingi, na mafungu yake hulala zaidi upande mmoja. Wakati huohuo baadhi ya seli huzivuta kingo za jeraha zikaribiane. Matokeo yake ni kovu gumu, lisilonyumbuka, ambalo hata likikomaa hufikia takriban asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali.

Kuzielekeza nyuzi maabarani

Uhandisi wa tishu hujaribu kuupatia mwili kiunzi, yaani umbo la muda ambalo seli hulikalia, hujenga ndani yake, kisha hulimeng’enya. Mwaka 1981, Ioannis Yannas na daktari wa upasuaji John Burke, huko Boston, Marekani, walieleza matumizi ya kiunzi cha kolajeni ya ng’ombe, kilichochanganywa na kiambato kutoka gegedu la papa, kwa wagonjwa walioungua vibaya. Kiunzi cha aina hiyo kiliidhinishwa nchini humo mwaka 1996.

Kiunzi kile kina vitundu vilivyotawanyika bila mwelekeo mmoja. Hilo linafaa kwa ngozi, lakini halitoshi kwa kano au neva iliyokatika. Huko seli huhitaji nafasi na njia pia. Tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20 imejulikana kwamba seli hutambaa kufuata uzi au mfereji zinaoukuta. Nyuzi zikilala sambamba, seli nazo hunyooka sambamba.

Njia za kuzilaza nyuzi hivyo ni kadhaa. Ya kwanza hutumia mtiririko: kolajeni iliyoyeyushwa katika asidi hafifu hupunguzwa ukali, hupashwa joto hadi nyuzijoto 37, na inapoanza kuganda husukumwa katika mfereji mwembamba ili nyuzi zifuate mkondo. Ya pili hutumia sumaku yenye nguvu kubwa, ambapo nyuzi zinazojiunda hujipanga kukingama na uga wa sumaku. Ya tatu hutumia umeme wa maelfu ya volti kuuvuta mmiminiko wa kolajeni ukawa uzi mwembamba unaozongwa kwenye pipa linalozunguka kwa kasi. Ya nne huziachia seli zenyewe kazi: ute wa kolajeni wenye seli hushikizwa ncha mbili, seli zikauvuta, na nyuzi zikalala kufuata mvuto.

Kila njia ina gharama yake. Vimiminika vinavyotumika katika njia ya umeme huweza kuifumua ile minyororo mitatu, kolajeni ikageuka jelatini. Kemikali za kuimarisha kiunzi zikibaki humo huweza kudhuru seli. Kiunzi kikiyeyuka mapema, tishu hukosa tegemeo. Kikichelewa, huwa kizuizi. Kwa hiyo viunzi vingi vya nyuzi zilizoelekezwa vingali katika utafiti, na mgonjwa asiahidiwe zaidi ya hapo. Kwa kuwa kolajeni ya viwandani hutoka kwa ng’ombe, nguruwe au samaki, mgonjwa ana haki ya kuelezwa asili yake kabla ya kutoa ridhaa.

Yanayowezekana leo

Kovu hubadilika kwa miezi 12 hadi 18, wakati mwingine zaidi, na katika kipindi hicho huathiriwa na mvuto. Mkao unaompa mgonjwa wa moto nafuu, yaani kukunja kiungo, aghalabu ndio unaomlemaza. Kiganja kilichoungua hufungwa banzi kikiwa kimenyooshwa, hasa usiku, na vidole hufanyishwa mazoezi mchana chini ya maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Jeraha la kina lisilofunga ndani ya wiki tatu hivi lisisubiriwe. Lipelekwe mapema kwa tathmini ya upandikizaji wa ngozi. Kano iliyoshonwa nayo huhitaji mwendo uliopimwa, kwa kuwa kuiacha bila kusogea huifanya inate na tishu jirani, na kuilazimisha huikata.

Lishe isisahauliwe. Bila vitamini C mwili hauwezi kuishikamanisha ile minyororo mitatu, na upungufu wake mkubwa huleta kiseyeye. Mapera, machungwa na mboga za majani huiongeza.

Mama wa mtoto aliyeungua huweza kuona banzi ni mateso, akalifungua mtoto anapolia. Mhudumu amweleze kwamba kolajeni mpya inaendelea kujipanga kila usiku, na kwamba banzi ndilo linalouzuia mkono usivutwe na kovu ukakunjamana.