Je, Wajua? Mvua hukatika, maji hubaki shambani

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutokea? Ni mto Lukuga, ng'ambo ya pili ukitazama kutoka Burundi, karibu na Kalemie nchini Kongo. Hata huo hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea kwa kugeuka mvuke juani. Ndiyo maana ziwa likijaa, halipungui upesi.

Mkulima wa Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, hahitaji somo hilo. Shamba lake liko kati ya ziwa na mto Rusizi unaotoka Ziwa Kivu. Ziwa linapopanda, Rusizi hukosa pa kumwaga, ukasambaa kwenye tambarare. Mpunga huvumilia kidogo. Mihogo haivumilii: mizizi huozea ardhini.

Aprili 2024, baada ya miezi ya mvua za El Niño, ziwa lilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo cha mafuriko makubwa ya miaka ya 1960. Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada wa nje.

Na vilimani? Huko mvua hukokota udongo wenye rutuba hadi mtoni, tena kutoka mashamba ambayo mengi hayafiki hata nusu hekta. Mvua za Septemba nazo zikianza kisha zikatoweka, maharage yaliyokwisha kupandwa hukauka, na kwa kaya nyingi akiba ya kupanda tena ndiyo ile ile iliyowekwa kwa ajili ya chungu.